Mwaka Walipokamatwa Akina Masereka

Tulipomaliza kumzika mdogo wangu Masereka pale Bwera, watu wakiwa bado wananawa mikono na sufuria za maharage zikiteremshwa, alinijia kijana mmoja wa miwani, mpole, shati limechomekwa vizuri, akachuchumaa mbele ya kiti changu. Akasema anafundisha chuo kikuu, anatafiti vita vya huku mpakani na jinsi watu walivyopatana, na ameambiwa kwamba mimi na marehemu tuliona mengi. "Mama, tutaongea siku utakayokuwa tayari. Na usiwe na wasiwasi, jina lako hatutalitaja. Tutakupa jina jingine." Nikacheka. Haki ya Mungu, nilicheka mpaka mpwa wangu akaja kunishika bega akidhani msiba umenipanda kichwani. Kijana wa watu akaona haya, akaomba samahani bila kujua anaiombea nini, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza. Tangu siku hiyo situlii. Nakaa, nainuka, nachemsha chai na kuisahau, naenda dirishani kutazama malori yanayoelekea Mpondwe, kwenye daraja la mpakani, narudi. Nimeamua kuandika, maana nikiendelea kuzunguka chumbani hivi watanipeleka hospitali.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Ng'ambo ya daraja Kongo ilikuwa inawaka, watu wa Beni na Butembo wanavuka na magodoro vichwani. Upande wetu, watu wa mlimani walikuwa wamekataa kutawaliwa na mfalme wa Fort Portal; walikuwa na serikali yao huko juu kwenye baridi, na chini huku askari wameweka vizuizi barabarani ili chumvi, dawa na chakula visipande. Shule niliyopangiwa kufundisha ilikuwa mteremkoni, ikafungwa kabla sijashika chaki. Nikabaki nyumbani, msichana wa miaka ishirini mwenye cheti cha ualimu, nagombana na kila mtu hadi kuku. Kazi yoyote ningeifanya, mradi nisikae.

Ndipo akaja Daktari Athumani. Alishuka Kasese kwa treni ya Kampala na masanduku ya vitabu na kinasa sauti kizito ambacho wachukuzi walikibeba wakilalamika. Mtu wa Tanga, mwembamba, amesomea ng'ambo elimu ambayo sikujua kama ipo duniani: kwa nini watu wanapigana, kitu gani kinawafanya waache, na baada ya kuacha nani amlipe nani haki yake. Alipanga nyumba Bwera karibu na ghala la kahawa, akatafuta mtu wa kumpigia chapa na kumtafsiria Lukonzo, lugha yetu. Nikaenda. Aliniuliza kama najua Kiswahili, nikamjibu kwa kile chetu cha huku, akafumba macho kama mtu aliyeng'atwa na siafu. "Bi Biira," akasema, "tutasaidiana." Basi Kiswahili hiki mnachokisoma kilianza mezani kwake, nikisahihishwa kila sentensi na kila jioni nikiapa kesho sirudi. Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika.

Nyumba ile naiona hata sasa. Sebule ilikuwa na meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha maua, viti vya kukunja, na dirisha linalotazama uwanja wa kuanikia kahawa, kwa hiyo vitabu vyake vyote vilinuka kahawa mbichi. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa cha mashine yangu ya chapa, na kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na pazia tu, si mlango. Mtu akisema sebuleni mimi nasikia hadi anavyomeza mate. Daktari alidhani watu watakuja, watajibu maswali, wataondoka. Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja aliyeuliwa wanawe, akaulizwa swali, akatazama miguu yake. Akaulizwa tena, akatazama dari. Nikatoka nyuma ya pazia nikamwambia Daktari, "Wewe vipi? Unamuuliza mtu habari za maiti zake na hujampa hata maji?" Toka siku hiyo tukawa tunapika. Bundu, ugali wetu wa muhogo, sombe ya majani yake, samaki wa ziwani wa kukaushwa, chai yenye tangawizi. Daktari alikula bundu kwa ncha za vidole, akililia wali wa nazi, na mimi nikimwambia nazi akaitafute Tanga. Nyumba ya utafiti ikawa kama mgahawa. Watu walikula kwanza, wakaulizana habari za mvua na za kahawa, halafu mtu mwenyewe bila kuulizwa anaanza: siku ile walipokuja.

Nilisikia mambo nyuma ya pazia lile ambayo hayakunifaa kwa umri wangu. Nilisikia mwanamume akieleza alivyochoma nyumba ya jirani yake na jinsi paka alivyotoka mbio. Nilisikia wake wa askari wakilia sawasawa na wake wa watu wa mlimani. Nikawa silali vizuri, na mchana nikawa mkali, naijibu mashine ya chapa kana kwamba imenitukana. Siku hizi nikisoma kwenye magazeti kwamba wataalamu wamekutana hotelini kuzungumzia amani, huwa najiuliza ni nani anayekaa nyuma ya pazia na usiku anaota nini. Daktari hakuniuliza. Aliuliza watu wote wa wilaya, mimi hakuniuliza hata siku moja.

Mama Kavira alikuja kwetu kwanza kama muuza samaki. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Beni peke yake, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita soko zima, akakodi kijumba Mpondwe na kuanza kupika chakula cha wachukuzi na madereva. Aliponisikia naitwa Biira alinikumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikanidondoka. "Jina yangu!" akasema. Maana kwetu mtoto hachaguliwi jina, jina linamsubiri. Mvulana wa tatu kwa mama yake ni Masereka, apende asipende. Binti wa pili ni Biira, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mto binti huyo huyo huitwa Kavira. Daktari aliposikia hayo alifurahi sana, akasema kumbe majina yenu ni machache hivyo, kijiji kizima mnagawana. "Tunagawana," nikamwambia, "lakini kila mtu anajua lipi la nani." Akatikisa kichwa, akamkaribisha Mama Kavira kiti.

Siku alipozungumza, alizungumza kwa Kiswahili cha kwao ili Daktari amfuate bila mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia, vidole juu ya mashine, nikaacha kupiga. "Unaniuliza kwa nini, Daktari? Wakati nilikimbia, nilipita mu mulima, miguu inavimba. Mwanamuke moja akanipatia moto yake. Yeye na batoto yake bakalala pembeni, mu baridi. Sasa bale batu beko na vidonda, habana chumvi, habana dawa. Mi nitakaa tu?" Akaeleza alivyofanya. Alitandika dawa na chumvi ndani ya beseni, chini kabisa, zimefungwa kwenye majani ya mgomba, juu yake bundu lililofungwa kwenye majani yale yale, na juu kabisa sahani ya sombe inayofuka mvuke. Kizuizini basoda, ndivyo Wakongo wanavyowaita askari, walifunua, wakaona sombe, wakala. Hakuna aliyefika chini. "Soda iko na njaa, mutu ya mulimani iko na njaa. Mi ninapikia bote. Lakini dawa ilikwenda juu, eeh! Mara mingi ilikwenda." Akacheka, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kila mara tumbo lilimkata kwa woga hadi akavuka kijito cha pili. Daktari alimwahidi, kwa heshima kubwa, mkono kifuani, kwamba hakuna mtu atakayejua ni yeye.

Sasa mdogo wangu. Masereka alikuwa na miaka kumi na minane, mchukuzi pale darajani, mpenda mbinja, mpenda kofia, mtu ambaye ukimtuma moto anakuletea hadithi. Mizigo ya mpakani aliibeba akiimba. Siasa hakuijua, watu wa mlimani aliwaona wajinga kwa kukaa kwenye baridi, askari aliwaona wajinga kwa kukaa juani. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, nami ndiye niliyemfulia, niliyempikia na niliyemgombeza. Nilimpenda kupita kiasi, na nasema hivyo wazi kwa sababu alipokuwa hai nilimwita mvivu tu.

Karibu na mwisho wa mwaka wakubwa wa wilaya walisikia kuna msomi Bwera, wakamwomba aje Kasese awaeleze alichokipata. Daktari alichangamka mno. Aliamini, maskini, kwamba wakisikia namna watu wa kawaida walivyowalisha wa pande zote mbili, wataona aibu na kufungua njia za chakula, na njia za chakula zikifunguka mazungumzo yatafuata. Akaenda Mweya, kwenye nyumba ya wageni iliyoko kwenye rasi ya ziwa, akae siku chache atazame viboko na kuandika kwa utulivu. Aliandika mwenyewe kwa mkono, kwa Kiingereza, haikupita kwenye mashine yangu. Mimi nilikutana naye Kasese asubuhi ya mkutano, amevaa tai, ananukia sabuni, anatabasamu kama bwana harusi.

Ukumbi ulikuwa na viti vya chuma, chupa za soda ya moto na sambusa zilizolowana mafuta. Mstari wa mbele walikaa wakubwa wa wilaya, na mkubwa wa kambi ya askari, ambaye kila mtu alimwita Afande tu, mtu mzito mwenye kitambaa cha kufutia jasho. Nyuma walikaa wazee wetu, wafanyabiashara na akina mama wachache, na karani alisimama kando akitafsiri kila aya kwa Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri. Kisha karani akasema, akirudia maneno ya Daktari: "Kijana mmoja, mchukuzi wa Mpondwe, ambaye nitamwita Masereka, alipitisha dawa kwa watu wa mlimani chini ya beseni la chakula." Wazee wetu wakageuka wakatazamana. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa Lukonzo, polepole, "Masereka wa kwetu, au wa kwa jirani Mbambu?" Afande hakugeuka. Alitoa tu kalamu mfukoni.

Nilimkamata Daktari mlangoni kabla hajamaliza kupeana mikono. "Umefanya nini?" Akashangaa. "Nimemficha, Bi Biira. Nimembadili kila kitu. Alikuwa mwanamke, nimemfanya mwanamume. Alikuwa mpishi, nimemfanya mchukuzi. Na jina nimechagua la watu wengi makusudi, ili asiwe mtu yeyote." Akanitazama kwa macho ya mtu anayengoja kupongezwa. Nikamwambia, "Daktari, hukumficha mtu. Umewachagua wote." Alikunja uso akifikiri, na nikaona inavyomwingia, kidogo kidogo, hadi tai ikaanza kumbana. Kwao Tanga ukimwita Asha kwa jina la Juma, Asha amepona. Hakuwa mtu mbaya. Lakini wakati ule ningeweza kumpiga na kiti.

Asubuhi yake askari walikwenda darajani wakauliza, "Masereka ni nani?" Wakaitika wanne. Ndiyo, waliitika wenyewe, mizigo mabegani, wakidhani kuna kazi. Mmoja ni mwenye mguu mbovu, mmoja ni mlokole ambaye hata sigara hakuivusha maishani mwake, mmoja ni baba wa watoto wadogo, na mmoja ni wangu. Wote wakapandishwa lori wakapelekwa Kasese kambini. Hadi jua lilipowaka vizuri, akina mama wa akina Masereka walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa nyumba ya Daktari, kati ya kahawa iliyoanikwa, hawatukani, hawalii, wamekaa tu na miguu wameinyoosha. Daktari aliwachemshia chai kwa mikono yake. Hakuna aliyeigusa. Kwetu ukikataa chai ya mtu mbele yake umeshasema yote.

Tukaenda kambini, mimi na yeye, juu ya lori la pamba. Afande alitupokea amekaa, miguu mezani. Daktari alijieleza kwa Kiswahili kile kizuri, akisema jina lile ni la kubuni, na kwamba aliyetenda haitwi hivyo. "Sawa," akasema Afande. "Iko nani?" Daktari akaanza upya habari za jina la kubuni. "Professa, mimi nauliza wewe mara moja. Iko nani?" Daktari akasema hawezi, aliapa. Afande akacheka kwa pua. "Basi hawa inakaa hapa mpaka moja inakumbuka. Toka!" Tulipokuwa tunatoka nilisikia mtu ndani ya banda akipiga mbinja, vibaya, kama midomo imevimba. Nilimjua. Nilisimama na askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki, "Wewe mama, kwenda! Kwenda!"

Barabarani tuligombana mbele ya watu. Nilimwambia ndugu yangu anapigwa kwa neno lake. Akasema anajua. Nikamwambia basi sema. Akasema, "Nikimtaja mwanamke yule watamuua, na watu wote walioingia nyumba yangu watajua kwamba ahadi yangu ni upepo." Nikamwambia mimi pia namjua, ninaweza kurudi sasa hivi nikamtaja. Akaniambia taratibu, "Ndiyo, unaweza." Hakunizuia. Nilimchukia kwa kutonizuia. Nilitembea hadi kwenye geti, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Kila nikifungua kinywa namwona Mama Kavira ananikumbatia na kitambaa kinaanguka. Nikifunga kinywa nasikia ile mbinja. Hadi leo miguu yangu inafanya safari ile: mlangoni, dirishani, mlangoni. Watoto wangu wanadhani ni uzee.

Kesho yake nilikwenda Mpondwe. Sikujua naenda kumwambia nini. Nadhani nilitaka kumkuta ameshakimbia, ili mambo yaamuliwe na mtu mwingine. Nilimkuta anapika. Sufuria kubwa kuliko zote iko motoni, sombe inachemka, na yeye amevaa kitenge chake cha kwenda misa, jasho linamtiririka. Hakuniuliza hali. "Nimesikia yote," akasema. "Nimesikia na ile hadithi ya Daktari, karani amekuya kula hapa, ameisema." Akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Jina yangu, niambie wewe. Mi nilibeba ile beseni. Mi, na hii kichwa. Tumbo ilinikata mi. Sasa Daktari amepatia kijana! Kijana gani anajua kufunga bundu mu majani?" Nilidhani atacheka, kumbe macho yamejaa machozi, ya hasira kabisa. Nikamwambia, "Mama, ukienda hutarudi." Akasema, "Beko bane mule ndani kwa jina ya kazi yangu. Nikimbie mara ngapi? Shika upande ule." Nikashika upande ule wa beseni.

Sikumbuki safari, nakumbuka harufu ya sombe ndani ya lori na abiria wakimeza mate. Daktari tulimkuta nje ya geti, ambako alikuwa amekaa tangu alfajiri kama mtu anayengoja wagonjwa. Alipotuona na beseni alisimama, akasema "Hapana, mama, hapana," na Mama Kavira akampita. Askari wa getini walimjua. Aliwapakulia. Waliokuwa kivulini wakaja, akawapakulia. Afande akatoka kuona kelele za nini, akamkuta mwanamke amepiga magoti katikati ya kambi yake anagawa chakula, naye akapewa sahani, akala kijiko cha kwanza amesimama.

"Ile mutu munatafuta ni mi," akasema Mama Kavira.

Afande akacheka hadi sombe ikampalia. "Mama, hii ni kazi ya mwanaume. Rudi sokoni."

Mama Kavira akageuka akamtazama Daktari. "Sema. Ile ahadi ni yangu, si yako. Nimekuachilia." Nilimwona mtu mzima, msomi, anatafuta pa kuweka mikono yake. Kisha akasema, "Ni yeye," kwa sauti ndogo, na akarudia kwa kubwa, "Ni yeye, Afande. Mimi ndiye niliyembadili." Afande akatikisa kichwa, hataki. Hapo Mama Kavira akafanya jambo ambalo Daktari hakulipata katika kitabu chochote. Alimwambia Afande, polepole, kama anamkumbusha mtoto, "Baba, unasahau. Siku ulikuya kuangalia kizuizi ya Bwera, na mvua ilikuwa. Ulisema sombe inakosa pilipili. Nilikuongezea. Ulikula juu ya ile beseni, wewe mwenyewe. Dawa ilikuwa chini." Askari wawili wakatazama chini haraka sana. Mmoja aliacha kutafuna.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya hesabu kama ule. Akimfunga mwanamke huyu, mahakamani mama ataulizwa alipita wapi, na nani alikuwepo, na nani alikula. Afande aliweka sahani chini kwa uangalifu. Akafuta jasho. Akasema akina Masereka watolewe, wote, asiwaone hapa tena. Na huyu mama si mtu wetu, ni Mukongo, arudishwe kwao leo hii. "Kabla ya jua kushuka. Na hakuna mutu inasema kitu. Imekwisha!" Ikawa ndiyo haki yetu hiyo. Nimesoma vitabu kadhaa tangu hapo kuhusu haki baada ya vita, na sijui hii waiweke sura ya ngapi.

Mdogo wangu alitoka jicho moja limefumba, kofia hana, anachechemea. Nilimshika nikamgombeza, nilishindwa kufanya kingine, nikamwambia tazama shati lako. Lori la askari lilitupeleka sote hadi Mpondwe. Kule Kongo wiki ile ndiyo moto ulikuwa umezidi; tuliona watu wanakuja huku, hatukuona hata mmoja anayekwenda kule isipokuwa Mama Kavira. Askari walimpa muda wa kufunga vitu vyake. Masereka, na jicho lake lile, alimsukuma askari mmoja kwa bega akachukua mzigo wote akaubeba kichwani, sufuria juu ya sufuria, na hakupiga mbinja.

Daktari alimfuata Mama Kavira hadi mwanzo wa daraja. Akamwambia, "Mama, nilitaka kukuficha." Akamjibu, "Ulinificha muzuri, Daktari. Ulinificha mpaka mi mwenyewe nilijitafuta mule sikujiona." Hakusema kwa ukali. Daktari akauliza, akiandika tena aandike nini. Mama Kavira akatengeneza kitambaa chake cha kichwa. "Andika Kavira. Batu yote bajue ni mwanamuke, alipika. Kavira tuko bengi. Kama banataka kunikamata, batafute." Akanishika shavu, akaniita jina lake, akavuka. Masereka alimsindikiza hadi katikati, ambapo askari wa upande ule walipokea mzigo.

Daktari aliondoka mwezi ule ule kwa treni. Aliandika Kavira, hilo nalijua, na vizuizi vya chakula havikufunguliwa kwa sababu ya kitabu. Mimi nikapata shule Bukoba, nikakaa huko miaka mingi, nikaolewa, nikarudi. Masereka hakuacha kazi ya darajani hata alipokuwa na wajukuu. Kila mtu aliyevuka kutoka Beni, kutoka Butembo, mwenye godoro au mwenye biashara, alimsimamisha kwanza kabla ya kumchukulia mzigo, akamuuliza kama anamfahamu mwanamke mmoja mpishi, mnene, anaitwa Kavira. Nami nikija likizo tuliuliza pamoja. Watu walikuwa wapole, walifikiri kweli, walitaka kutusaidia. Wakatujibu wote jibu moja, hadi mdogo wangu anakufa: "Kavira yupi?"